Kipeperushi Kilichoomba Radhi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Haingo alifagia vyumba viwili ambavyo hakuna mtu aliyekuwa amelala ndani yake. Alinyoosha mablanketi yaliyokuwa yamenyooka, akafuta meza isiyo na vumbi, kisha akafungua madirisha ya mbao ili jua liingie. Halafu alisimama kidogo barazani, ghorofani, akatazama mlima. Mlima huo unaonekana vizuri kutoka upande wetu huu wa mji wa Ambalavao, hasa asubuhi, jiwe lake linapobadilika kutoka rangi ya majivu hadi rangi ya udongo wa tanuri.

Chini uani, mama yake alikuwa kazini. Vololona alikuwa fundi wa karatasi, na sisi majirani tulikuwa tukiamka kwa mlio wa nyundo yake ya mbao. Alichemsha magome ya mti, akayaponda mpaka yakawa uji, akaumwaga uji huo juu ya kitambaa kilichowambwa kwenye fremu. Kabla haujakauka, alipachika maua mabichi, moja hapa, moja pale, kisha akaianika fremu juani. Karatasi zake zilikuwa nzuri kiasi kwamba mtu aliona haya kuandika juu yake.

Lakini duka lililokuwa likizinunua lilikuwa limefungwa. Mama mdogo wa Haingo, aliyekuwa mji mkuu, Antananarivo, alikuwa ameshamtafutia dada yake kazi katika kiwanda cha kushona nguo. Vyumba viwili vya wageni ndivyo vilivyokuwa tumaini la mwisho.

"Majira haya ya baridi ndiyo wageni wanapopita," Mama alimwambia Haingo. "Wakija, nitabaki. Wasipokuja, itabidi niende, mwanangu. Wewe utabaki na Babu."

Nyuma ya mlango palikuwa na kapu jipya la ukili lenye mikono miwili, na hakuna aliyekuwa ameambiwa kapu hilo ni la nini. Haingo alijua ni la safari. Kila alipofunga mlango alilisukuma kwa mguu, kana kwamba kapu lenyewe ndilo lililokuwa likimwita mama yake.

Jioni moja, wakiwa wanakula, Haingo akasema, "Babu, hoteli zote zina vipeperushi pale kituo cha magari. Mgeni akishuka anachukua, anasoma, anajua pa kwenda. Sisi nani anatujua?"

Babu Razafy akaweka kijiko chini. Mzee huyu alikuwa msemaji. Kwetu hakuna posa, harusi wala maziko yanayofanyika bila msemaji, na hakuna msemaji anayeanza bila kuomba radhi kwanza. Huwezi kusimama mbele za watu ukaanza tu kusema, kana kwamba wewe ndiye uliyeumba ulimi. Kwanza unajishusha, unaondoa lawama, ndipo unaendelea. Na katika kujishusha, hakuna aliyemfikia Babu Razafy toka hapa mpaka kwenye mashamba ya mizabibu.

"Lete kalamu," alisema, akajitanda shuka lake vizuri begani. "Andika. Sisi si watu wa kusema mbele yenu. Wapo wakubwa kutuzidi, wapo wajuzi kutuzidi. Nyumba yetu ni ndogo, haistahili kupokea miguu yenu. Vitanda vyetu si vitanda. Chakula chetu ni wali tu, na kinywaji chetu ni maji ya ukoko. Mlima mtakaouona barazani si mlima wa kujivunia. Tunaomba msitulaumu."

"Hata mlima, Babu?" Haingo aliuliza.

"Mlima uko kwetu. Ukiusifu, umejisifu. Chema chajiuza, mjukuu wangu, kibaya chajitembeza."

Mama alifuta jicho kwa ncha ya kanga. "Maneno yamekaa," alisema. "Heshima imetimia."

Haingo alikuwa wa kwanza darasani kwa Kifaransa. Aliketi akatafsiri yote, neno kwa neno, bila kuacha hata nukta. Laiti siku hiyo angekuwa mvivu kidogo! Kisha akanakili vipeperushi kadhaa kwa mwandiko wake wa duara, juu ya karatasi za mama yake zenye maua, akavipeleka kituoni na kwenye vibanda vya sokoni.

Wiki zikapita. Vipeperushi vilichukuliwa, hilo Haingo aliliona. Wageni hawakuja.

"Haingo!" Tojo alimwita wakitoka shule. Tojo alikuwa darasa moja naye, na mjomba wake alikuwa na hoteli kubwa karibu na soko la ng'ombe. "Wageni wenu wameamka? Au bado wamelala tangu mwaka jana?"

"Kazi yako kucheka tu."

"Sicheki, nakusaidia. Ona kipeperushi cha mjomba." Akamwonyesha picha ya bwawa la kuogelea, maji ya buluu, viti vyeupe pembeni.

"Lakini Tojo, bwawa hilo limekauka. Wanafugia bata."

"Picha si ina maji? Andika na nyie: maji ya moto ya bomba, televisheni kila chumba. Wakifika wameshachoka, watarudi wapi usiku?"

Haingo alimwambia aondoke na bata wake. Lakini siwezi kuficha kwamba usiku ule maneno ya Tojo yalimrudia, hasa alipolitazama kapu nyuma ya mlango. Maji ya moto ya bomba. Maneno machache tu, na pengine Mama angebaki.

Jumamosi alipeleka vipeperushi vingine kituoni. Karibu na muuza mihogo alikuta wazungu wawili wazee, mume na mke, wamekaa juu ya mabegi yao. Mume alikuwa ameshika karatasi yenye maua. Haingo akasogea.

"Odile, hebu sikiliza hii," mume alisema, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "'Vitanda vyetu si vitanda.' Sasa ni nini, mbuzi?"

Mke hakucheka. Aliichukua karatasi, akaisoma yote kwa makini, akatikisa kichwa. "Maskini, Marcel. Wenyewe wanasema nyumba yao haifai. Sisi ni nani tuwabishie? Tusiwasumbue." Kisha akaikunja taratibu, akaitia mkobani, kwa sababu ya uzuri wa maua yake.

Haingo alielewa kila neno. Masikio yalimwaka moto. Ina maana wiki zote zile watu walikuwa wakisoma, wakiwahurumia, kisha wakienda kulala kwenye hoteli yenye bata! Aliona aibu, akamwonea Babu uchungu, na kabla hajajua anachofanya alikuwa amesimama mbele ya wale wazee.

"Samahani, Mama. Samahani, Bwana. Karatasi hiyo ni yetu. Nyumba yetu si mbaya hivyo."

"Lakini mmeandika wenyewe, binti," Odile alisema.

"Babu ndiye aliyesema. Kwetu mtu anaomba radhi kwanza, hata kama ana kila kitu. Tajiri mwenye ng'ombe wa kujaza bonde naye angesema hivyohivyo."

"Kwa hiyo vitanda ni vitanda?" Marcel aliuliza.

"Ni vitanda, Bwana. Alivichonga marehemu baba yangu. Hata ukijigeuza havilii."

"Na maji ya moto yapo?" Odile aliuliza.

Tojo alikuwa hapo karibu, akimwitia mjomba wake wageni. Aliposikia swali hilo alikohoa, akamtazama Haingo kwa jicho la "sema sasa". Akilini Haingo aliliona lile kapu nyuma ya mlango. Aliiona mikono yake yote miwili.

"Yapo," alisema. "Lakini hayatoki bombani. Mama anayachemsha kwa kuni, tunakuletea kwenye ndoo. Ukichelewa kuoga yanapoa. Na usiku ni baridi sana, ila mablanketi ni mengi. Halafu jirani yetu ana jogoo. Anawika mapema mno."

"Na huyo jogoo umemtaja wa nini?" Marcel alishangaa.

"Ili usije ukasema sikukwambia."

Odile alikuwa akitabasamu sasa. "Na asubuhi, jogoo akishatuamsha, kuna nini?"

"Mama anaanika karatasi uani. Ukitaka atakupa maua upachike mwenyewe, na ikikauka ni yako. Mlima nao..." Haingo akasita. "Babu amesema nisiusifu. Utauona."

Odile akasimama, akavuta begi lake. "Haya, Marcel, inuka. Twende tukauone huo mlima usiosifiwa."

Nyumbani, Vololona alipowaona alidondosha nyundo yake. Babu alitoka na shuka begani, akawapokea kwa radhi ndefu, Haingo akitafsiri mbio mbio, na wageni wakasimama na mabegi yao mpaka radhi zikaisha.

Walikuwa wamesema watalala usiku mmoja tu. Asubuhi Marcel alilalamika kwamba baridi ilimng'ata pua, na kwamba jogoo yule anafaa kuwa supu. Akanywa maji ya ukoko, yale maji yanayochemshiwa kwenye sufuria ya wali mpaka yanukie, akaomba kikombe kingine. Odile alikuwa tayari uani, mikono imejaa uji wa magome, akipachika maua. Mume akasema hiyo ni kazi ya watoto. Baadaye kidogo akauliza kama kuna fremu ya pili. Wakaamua kungoja karatasi ya Odile ikauke. Ilipokauka, wakasema wangoje na ya Marcel. Na hivyo hivyo, mpaka wakawa wamevizoea vyakula vya Mama.

Siku ya kuondoka ilipofika, Babu alisimama mlangoni kuaga. Aliomba radhi kwa baridi, kwa ndoo, kwa jogoo wa jirani, kwa ngazi zinazopandwa kwa ubavu, kwa mlima. Alipomaliza alinyamaza, akasubiri.

Odile akainama kwa Haingo. "Anangoja nini?"

"Anangoja mjibu," Haingo alinong'ona. "Kwetu msemaji hajijibu. Upande wa pili una msemaji wake, naye ndiye humwondolea lawama. Hata sifa, kama zipo, hutoka huko."

"Loo! Na siku ile tulipofika?"

"Mlikuwa wageni, hamkujua. Babu alisamehe."

Odile akaweka mkoba chini, akajitengeneza nywele kama mtu anayepanda jukwaani. "Mzee," alisema, "sisi hatuna lawama. Jogoo tulimsikia, tukamsamehe. Baridi ilikuwepo, lakini hakuna aliyetunyima blanketi. Vitanda vyenu ni vitanda. Wali wenu sitausahau. Na mlima wenu, kwa kuwa ninyi hamuusemi, nitausema mimi. Kwetu mimi naamka jua likiwa utosini. Hapa nimeamka gizani kila siku, nikakaa barazani na blanketi, kwa kuogopa kwamba utabadilika rangi bila mimi kuuona."

Haingo alitafsiri mpaka mwisho. Babu macho yalimlengalenga. Halafu Haingo akapiga kelele.

"Babu! Kipeperushi chetu kina upande mmoja tu!"

Wote wakamtazama.

"Tumeomba radhi, Babu, lakini hakuna aliyetujibu! Anayesoma anabaki na lawama zetu mkononi. Hajui kama wewe unangoja mtu akujibu."

Mama akamkazia Haingo jicho, kwa sababu mtoto hamsahihishi msemaji, tena mbele za wageni. Kisha mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakohoa, akashika mlango.

"Nimesema mbele za watu maisha yangu yote," alisema, "kumbe pale kwenye karatasi nimesimama nikiongea peke yangu kama mwendawazimu! Mtoto huyu amesema kweli. Kinyozi hajinyoi. Vololona, leta karatasi. Mwombe huyu mama atuandikie hayo maneno yake, kwa mkono wake mwenyewe."

Wageni wakakosa gari la asubuhi kwa sababu ya kipeperushi. Odile aliandika jibu lake, kisha akamgeukia Haingo. "Sasa na wewe andika yale uliyoniambia kituoni. Tuseme mimi nimeshuka garini, miguu imevimba, sijui kusini wala kaskazini. Nataka kujua nyumba iko wapi, nitatembea kiasi gani, nitalala wapi, nitakula nini na nitalipa nini. Na usiandike 'pazuri sana'. Kila kipeperushi kinasema pazuri sana. Niandikie maua na ndoo."

"Na jogoo," Marcel alisema.

"Jogoo, Bwana? Si atawafukuza watu?"

"Abaki! Wewe uliponiambia habari za jogoo, ndipo nilipoamini habari za vitanda."

Haingo aliandika tena mara kadhaa kabla hajaridhika. Kipeperushi kipya kilikunjwa katikati. Juu palikuwa na radhi za Babu, fupi, maana Babu alikubali kuzipunguza, ingawa aligombea kila sentensi. Ukikifungua, unakutana na jibu la Odile. Chini yake Haingo alichora baraza na mlima nyuma yake, akachora na njia ya kutoka kituoni: unapita kanisa, unapita kwa fundi baiskeli, unageuka penye ukuta wa udongo. Akaandika bei. Akaandika ndoo, wali, fremu ya karatasi uani, mablanketi, na jogoo wa jirani. Mama alipachika ua moja moja kwenye kila jalada.

"Mmeandika jogoo?" Tojo alishika kichwa. "Mmerogwa nyie! Nani analipa alale na jogoo?"

"Ngoja uone," Haingo alisema, ingawa mwenyewe hakuwa na hakika.

Hawakumiminika kama mvua. Kwanza alikuja mtu mmoja mwenye mkongojo, akauliza kama fremu za karatasi bado zipo. Kisha wakaja dada wawili. Kisha ikatokea siku vyumba vyote viwili vikapata watu, na Haingo akalazimika kuazima ndoo kwetu, na mimi nikampa kubwa.

Alasiri moja kabla baridi haijaisha, vijana wanne, wakitoka mlimani, walipanda njia yetu kwa miguu, mabegi mgongoni, mmoja wao ameshika kipeperushi. Babu akatoka na shuka begani. "Sisi si watu wa kusema mbele yenu," alianza. "Nyumba yetu ni ndogo..." Haingo akawa anatafsiri. Babu alipomaliza, alinyamaza kwa mazoea, bila kutegemea kitu.

Yule kijana akakifungua kipeperushi, akasimama wima, akasoma kwa sauti: "Mzee, sisi hatuna lawama. Jogoo tulimsikia, tukamsamehe..."

Wenzake wakaitikia maneno waliyoyakumbuka. Babu alishika fremu ya mlango. Nilikuwa nimesimama kwetu, naye hakuona haya kufuta machozi mbele yangu.

Wageni walipopanda juu, alimketisha Haingo kwenye ngazi. "Mjukuu wangu," alisema, "wale wenye bwawa la bata wanaficha ukweli kwa kujisifu. Hilo nililijua tangu zamani, nikawacheka. Nami nilidhani anayejishusha hawezi kuficha kitu. Kumbe nilikuwa nimeificha nyumba nzima, na kazi ya mama yako ndani yake. Unyenyekevu ni mzuri mdomoni, lakini mgeni anayetoka mbali anahitaji kweli. Mwambie kilichopo, kitamu na kigumu, bila kuongeza na bila kupunguza. Sifa mwachie, aje aseme mwenyewe."

"Ndiyo, Babu."

"Siku ile kituoni ungeweza kumdanganya yule mama kuhusu bomba. Tojo ameniambia. Hukudanganya, nami najua ulikuwa unaogopa nini. Nimefurahi kuwa babu yako."

Haingo alitaka kujibu, lakini mlango ulifunguka nyuma yao, na Mama akatoka amebeba lile kapu. Lilikuwa mkononi mwake, jipya vilevile, na alikuwa amejifunga kanga ya kutokea. Haingo akasimama.

"Mama! Unakwenda wapi?"

"Sokoni," Vololona alisema. "Vijana wanne wamepanda mlima kutwa nzima. Unataka wale nini, radhi za babu yako?"

Haingo alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Akashika mkono mmoja wa kapu, Mama akashika wa pili, wakateremka pamoja kabla wauza mboga hawajafunga.